Wageni Wasiouliza

Kijiji cha Dong Sau, Ninh Binh
30 Aprili 2002

Kwako dada yangu Thoa,

Huku kwetu wote wazima, kuanzia Mama hadi bata. Mpunga umeshika kijani, manyunyu ya msimu yametuchosha lakini hatuna la kulalamika. Mama magoti yanamsumbua asubuhi tu. Jua likipanda kidogo anasahau kwamba ana magoti, unamkuta juu ya ngazi anachuma tambuu. Mke wangu anakusalimu. Na mpwa wangu Lenka yu hali gani? Mwambie mjomba wake amepata kazi ambayo watoto wa huko kwenu wangemwonea gere.

Kazi yenyewe ni hii. Ufundi wa baiskeli nimeuweka kando, siku hizi nawapeleka watalii mashambani kwa pikipiki. Kuna hoteli moja mjini inanipa wageni, mimi natoa Minsk zangu mbili, tunaondoka asubuhi tunarudi jioni. Unaikumbuka Minsk, ile ya Kisovieti inayofuka moshi kama tanuri la matofali. Wageni wanaipenda kwa sababu ni mbovu. Ukiwapa Honda nzuri wananuna, wanasema hawakusafiri mbali kote huko kuja kupanda Honda.

Jumatano iliyopita nilipewa Waholanzi, mtu na mkewe. Mke, Mieke, nikampakia nyuma yangu. Mume, Joost, mrefu kama nguzo ya umeme, akapanda Minsk ya pili na magoti yake yakawa karibu na masikio. Tukashika njia ya juu ya tuta la mto. Hatujafika mbali tukakutana na bata wa mzee mmoja, wamejaa njia nzima. Joost akapiga honi. Unawajua bata, wakapiga kambi palepale. Mwenye bata akamtukana Joost yeye, mama yake na nchi yake. Mieke akaniuliza mzee anasema nini, nikamwambia anawakaribisha. Joost akamwinamia mzee kwa shukrani, mzee akazidi kuchanganyikiwa.

Kwenye kivuko tulipandisha pikipiki zote mbili juu ya chelezo cha mianzi. Mama anayevuta kamba alimtazama Joost toka juu hadi chini, akaniuliza kama huyu naye ni wa kukodisha, maana angemfaa kuezeka paa bila ngazi. Ng'ambo tukapita kwenye vilima vya mawe, mbuzi wananing'inia juu kama nguo zilizoanikwa. Hapo ndipo Joost alipotazama mbuzi badala ya njia, akaingia shambani kwa watu na pikipiki yake. Mwenye shamba alikuwa mwanamke, amesimama maji yakiwa magotini, akaniambia, "Mwambie huyo asimame taratibu. Akiharakisha atanilalia mpunga mwingine." Tukamtoa matope hadi kwenye nyusi. Alikuwa anacheka. Sijaona mtu akianguka akafurahi namna ile.

Sasa tunarudi, karibu kabisa na kwetu, cheni yangu ikakatika. Nikasukuma hadi uani. Nakuta nyumba nzima inanukia. Mama alikuwa amepika: kuku mzima wa kuchemsha, wali wa kunata, nem za nyama za kukaanga, supu ya machipukizi ya mianzi, udi unawaka. Alikuwa amemtengea Baba chakula kidogo, unajua wazee. Kuwaona wale Waholanzi, akawashika mikono na kuwavuta ndani na matope yao. Mimi mikono yangu ilijaa grisi, sikukanyaga hata kizingiti, nikabaki uani na cheni yangu. Nilipomaliza, walikuwa wameshiba hadi wanapumua kwa shida, na Mieke anafuta machozi kwa furaha. Wakaniambia kwamba mambo yote waliyoyaona Vietnam hayafiki hapo.

Hoteli imesikia. Sasa wanataka kila safari ipitie kwetu kwa chakula cha mchana. Nimekwambia ili nawe ufurahi.

Ndimi mdogo wako,
Khoat


Cheb, Cheki
27 Mei 2002

Mdogo wangu Khoat,

Barua yako nimeipata. Lenka ameng'oka jino la mbele na shuleni hapendi kitu ila hesabu. Baridi imeondoka lakini sisi wa sokoni makoti hatujavua, upepo wa hapa mpakani hauna adabu. Viatu vya plastiki vinatoka vizuri. Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Una akili timamu wewe? Umeingiza watu usiowajua hadi mbele ya madhabahu ya wahenga wetu, wamekaa na matope yao, wamekula chakula alichotengewa Baba, kisha unaniandikia nifurahi. Baba alikuwa hapendi hata jirani aingie bila kukohoa mlangoni. Leo anapitiwa na pikipiki kila wiki kama banda la chai. Asubuhi bata, saa nne mbuzi, saa sita baba yake Khoat aliyekufa, jioni hotelini kuoga. Safari nzuri sana. Hongera.

Na wewe umekaa nje na grisi. Mtoto wa kiume pekee wa nyumba, udi unawaka ndani, unahangaika na cheni.

Lakini lipo linalonikera zaidi ya hayo. Baba alifariki mwezi wa kumi wa kalenda yetu ya mwezi mwandamo. Sikuwepo, ndiyo, najua utanikumbusha, lakini tarehe naijua, na kila mwaka nawasha udi nyuma ya maboksi ya viatu mpaka wenzangu wanakohoa. Sasa mwezi wa tatu ni karamu ya nani? Kuku mzima, wali wa kunata, nem, supu: hicho si chakula kidogo, hiyo ni karamu kamili ya siku ya marehemu. Na hiyo "unajua wazee" maana yake nini? Tangu utotoni ukificha jambo unaanza kuchekesha watu. Umenichekesha kurasa nzima. Nijibu kuhusu karamu kwanza, habari za pikipiki zako nitazisikia baadaye.

Dada yako,
Thoa


Dong Sau
2 Julai 2002

Dada Thoa,

Tumevuna. Majani ya mpunga yametandazwa barabara nzima kukauka, yanajizungusha kwenye magurudumu, nusu ya siku yangu inakwisha nikiyachomoa kwa kisu. Mke wangu alikuwa na homa, sasa nafuu. Pole ya jino kwa Lenka, mwambie la mjomba wake pia lilichelewa kuota na bado akaoa.

Umeuliza, nakujibu, lakini kwanza nami niseme yangu. Umenitukana vizuri, na mimi nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza magoti ya Mama yanaendeleaje. Hapapo. Mimi ndiye niliyetangulia jeneza la Baba. Miaka mitatu baadaye, kama desturi yetu inavyotaka, ni mimi niliyefungua kaburi lake, nikaosha mifupa yake kwa mikono hii yenye grisi unayoidharau, nikaipanga katika sanduku lake la udongo kuanzia nyayo hadi fuvu, huku nikiogopa nisikosee kidole. Nani alikuwa ananishikia beseni? Mtoto wa jirani. Wewe ulikuwa unauza viatu. Kwa hiyo usinifundishe mimi adabu za Baba.

Sasa karamu. Nilikuficha, ndiyo, kwa sababu ni jambo la kuumiza na si la kuandika. Mama ameanza kusahau. Amechanganya miezi. Asubuhi ile hakuniambia lolote, aliamka akachinja kuku. Nilipomwuliza ni siku ya nani, alinijibu, "Ya mwenyewe," akaendelea kunyonyoa. Na hakumwalika jirani hata mmoja. Umewahi kuona karamu ya marehemu isiyo na majirani? Mtu mwenye akili zake hafanyi hivyo. Wageni waliponiuliza uani, nikawaambia ni siku ya baba yangu, basi. Ningesema nini, mama yangu kapotea?

Nimeona ni heri niwapeleke wageni pale, angalau nakuwa naye mchana na namtazama. Anawapikia chakula cha kawaida, maboga, samaki, anawajaza hadi wanaomba msamaha. Hoteli walitaka awashe na udi ili ipendeze. Aliwaambia huo si mchezo, na akamfukuza kwa ufagio yule aliyetumwa. Siku nyingine akili zake ziko sawa kabisa, ndiyo maana inaniuma.

Kwa simu ya ofisi ya kijiji siwezi kukueleza haya, karani anasikiliza na kijiji kizima kinajua kabla sijafika nyumbani. Nimeweka humu picha ya siku ile aliyonitumia Joost kwa posta. Mtazame Mama anavyocheka. Ukimtazama uso ule, ndipo unambie niwafukuze wageni.

Khoat


Cheb
5 Agosti 2002

Khoat,

Leo sina salamu.

Nilikuwa nimemwonyesha Lenka hiyo picha. Nikamwambia huyu ndiye bibi, hawa ni wageni, hiki ni kidari cha kuku. Mtoto akaweka kidole juu, nyuma ya Mama, akaniuliza, "Mbona na wewe uko huko na wale wazee?"

Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nitazamie na wewe, kama hukuiangalia, na najua hukuiangalia kwa sababu wewe huangalii kitu kisicho na injini. Juu ya madhabahu kuna Babu. Kuna Baba. Kushoto kwa Baba, nyuma ya shazi la ndizi, kuna fremu ya tatu. Msichana mwenye misuko miwili ya nywele, shati jeupe, shingo imekazwa. Ni mimi. Ni ile picha niliyopigwa ya pasipoti nilipokuwa naondoka. Mbele yake kuna bakuli, vijiti vya kulia vimewekwa juu yake, udi unamfukia usoni.

Nimekufa lini, Khoat? Niambie, nami nijue, niache kuamka saa kumi kupanga viatu. Mtu hai anawekewaje udi? Hata kwa utani picha ya aliye hai haikuwekwa juu ya madhabahu, utotoni, ulipigwa kwa kuweka picha ya mbwa wetu pale, umesahau? Tangu mwezi wa tano nina kikohozi kisichosikia dawa. Nilidhani ni upepo.

Usiniambie Mama amesahau. Mtu anaweza kusahau mwezi, hasahau kama mwanawe yuko hai wakati barua zangu unamsomea kila mara. Au humsomei? Au ni wewe uliyeiweka, kwa hasira zako za beseni na mifupa? Itoe leo hii. Usipoitoa, barua yangu ya mwisho ni hii, na utakuwa umesema kweli, mtakuwa mmenizika.

Thoa


Dong Sau
20 Septemba 2002

Dada Thoa,

Nimechelewa kwa sababu nilianza kukujibu mara nyingi nikachana. Sisi wazima. Unisalimie Lenka.

Sikuiweka mimi. Naapa kwa mifupa ile ile. Barua zako zote namsomea Mama, hata matusi unayonitukana, ila mahali pa karamu na picha niliparuka. Picha hiyo haikai pale, madhabahu nayafuta mimi kila tarehe moja na kumi na tano na sijawahi kuiona. Aliitoa siku ile moja, akairudisha alikoificha.

Barua yako ilinikuta nimeshapanga kumpeleka kwa daktari wa wilaya kwa ajili ya huko kusahau. Nikampakia nyuma ya Minsk. Tulishika njia yangu ya watalii maana ndiyo fupi, juu ya tuta, yeye amenishika mkanda na kukosoa kila shamba tunalopita. Huyu amepanda karibu karibu, huyu ana magugu, huyu mvivu kama baba yake. Nikawa najiuliza mtu aliyepotea anawezaje kukumbuka uvivu wa baba wa kila mtu.

Kwenye chelezo, katikati ya mto, ambapo hana pa kwenda, nikaitoa picha ya Joost mfukoni.

"Mama, huyu hapa nyuma ya ndizi ni nani?"

"Dada yako. Macho yako yameharibika?"

"Thoa yuko hai, Mama. Juzi tu nimekusomea barua yake."

"Najua yuko hai. Mimi si mgonjwa. Mgonjwa ni anayempeleka mzima kwa daktari."

Mama wa kivuko akaacha kuvuta kamba. Nikamwomba aendelee, akasema mkono umechoka. Chelezo kikasimama.

"Sasa udi wa nini?" nikamwuliza Mama.

"Bibi Lua mwanawe alikwenda vitani, hakurudi, hakuna ajuaye alikufa lini. Siku yake anaifanya lini?"

"Siku aliyoondoka nyumbani."

"Basi. Thoa aliondoka tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi peke yangu. Hukuwa na habari, ulikuwa unacheza mpira."

"Mtoto wa Bibi Lua amekufa."

"Na wangu yuko wapi?" Hapo sauti yake ilipanda, dada, sijamsikia hivyo tangu Baba alipovunja mtungi. "Miaka yote hii namwita akiwa hai, haji. Nikamwita kwa barua zako, haji. Nikamwita baba yake alipokufa, haji. Baba yako nikimwashia udi anakuja kila mwaka, namsikia. Nikasema basi, kama anayekuja ni aliyekufa, nitamwita kama wanavyoitwa waliokufa. Nilitaka nimlishe. Ni dhambi?"

Nikamwuliza kuhusu majirani. Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Wangeuliza ni siku ya nani. Ningewajibu nini, mwanangu mzima nimemtengea udi? Nilikuwa nimeketi na kuku wangu bila wa kumla, na chakula cha siku hiyo lazima kiliwe na wageni. Ukaja na wale warefu wako. Wakala, wakacheka, hawakuniuliza. Nimewaombea dua hadi leo."

Kwa hiyo, dada, Mama hajasahau kitu chochote. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka naye kama kichaa. Nikageuza pikipiki tukarudi, daktari abaki na dawa zake. Mama wa kivuko alikataa nauli, alisema habari aliyopata inamtosha mwezi mzima.

Tulipofika tuta la kwetu akaniinamia sikioni, kwa sababu ya mlio wa Minsk, akaniambia hivi, na ninakuandikia bila kupunguza: mwaka huu alifanya kwa siri kwa kuona aibu. Mwakani, tarehe kumi na mbili, anawaita majirani wote, meza zitapangwa hadi barabarani. Usipoonekana siku hiyo, picha inapanda na haitashuka tena, na kila atakayeuliza atajibiwa.

Nilimsihi. Hanisikilizi. Na kusema kweli nimechoka kumsihi, nimechoka kuwa katikati yenu, huyu ananong'ona huku na yule anafoka kule na mimi tarishi. Umeniambia nitoe picha. Sitoi. Njoo uitoe mwenyewe.

Khoat


Dong Sau
14 Desemba 2002

Dada,

Miezi inakwenda na hujajibu. Siku ya Baba imepita, tulikula na majirani wote, hakuna mtalii aliyekanyaga, ili ujue. Mama aliuliza kama tarishi amepita. Nikamwambia amepita.

Kikohozi chako kimepona? Lenka je? Nimepata wageni wa Kijerumani, wanasema Cheb si mbali na kwao. Nilitaka kuwapa salamu nikaona sijui nikwambie nini.

Andika, hata kama ni matusi.

Khoat


Cheb
20 Januari 2003

Mdogo wangu Khoat,

Kikohozi kimepona. Theluji imefika magotini, Lenka anaipenda, mimi naitukana. Mpe mke wako pole ya baridi ya mwaka mpya wa Tet.

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza hasira ilinikatisha. Sasa imetulia, haijaisha. Nitaandika yote mara moja, na wewe msomee Mama yote mara moja, bila kumlainishia. Nakujua, utaruka mahali. Usiruke.

Mama anasema aliniita sikuja. Aseme ukweli wote. Nilipokuwa na ujauzito wa Lenka, Bwana Phach wa kijijini kwetu, aliyekuwa akifanya kazi huku, alikwenda nyumbani likizo, akarudi huku na ujumbe wa Baba. Ujumbe wenyewe ulikuwa kwamba nisilete mtoto wa Mcheki uani kwake, na nikija nije peke yangu au nisije. Bwana Phach alinihadithia kila kitu, watu kama yeye hawaachi kitu. Alisema Mama alikuwa ameketi pembeni anachambua maharage. Hakusema neno. Akachambua hadi yakaisha.

Hilo ndilo sijalimeza. Baba namjua, Baba alikuwa hivyo hivyo. Lakini Mama angesema neno moja tu, hata baadaye, hata Baba akiwa ameshazikwa na amri yake imebaki bila mwenyewe. Miaka mitano amekuwa huru kusema. Kila barua yako, Khoat, unamsalimia Lenka. Nihesabie barua ambayo Mama amemsalimia. Hajawahi kulitamka jina lake. Mtoto ana miaka tisa, anajua ana bibi kwa picha iliyopigwa na mtalii, na katika picha hiyo hiyo mama yake ni maiti.

Yeye alitaka nije peke yangu. Ndivyo alivyoniita miaka yote hiyo, kwa kunyamaza kuhusu mwanangu. Na mimi sikuweza kuja peke yangu, kwa sababu ningemweka mtoto wapi, na kwa sababu sitaki. Mtu asiyemtaka Lenka hanitaki mimi. Na aliyeniwekea bakuli moja juu ya madhabahu, bakuli hilo moja nimelielewa vizuri kabisa.

Basi mwambie hivi. Awaalike majirani. Awaalike wote, mpaka Bibi Lua, mpaka mama wa kivuko, mpaka Bwana Phach kama bado ana ulimi. Apange meza hadi barabarani kama alivyosema. Kwa kalenda ya huku siku hiyo ni Aprili kumi na tatu. Nimekwisha kumwambia mwenye banda atafute wa kunishikia. Nakuja kula karamu yangu ya kufa kwa mdomo wangu mwenyewe, nione nani atanikatalia paja la kuku.

Lakini siji peke yangu, na sitamwingiza mwanangu kwa mlango wa jikoni. Utupokee kituoni na hizo Minsk zako, yeye nyuma yako, mimi nyuma ya yeyote utakayempata. Nitasimama langoni nitazame ndani. Nikiona mezani mabakuli mawili, langu na la Lenka, nitaingia na picha nitaishusha mimi mwenyewe. Nikiona bakuli moja, utageuza pikipiki pale pale mbele ya watu wote, na hiyo picha abaki nayo, na safari hii asiifiche.

Dada yako ambaye bado anapumua,
Thoa


Dong Sau
16 Februari 2003

Dada Thoa,

Tet imepita salama. Mpunga mchanga tumeupandikiza kwa baridi kali, vidole havinyooki, usishangae mwandiko. Unisalimie Lenka sana.

Nilimsomea Mama yote. Sikuruka. Nilipofika kwenye maharage aliinuka akaenda nje, nikamfuata uani nikaendelea kusoma huku analisha bata. Nilipomaliza alisema, "Ananipa masharti," akaingia ndani. Kisha hakusema nami tena. Alikuwa anakoroga chungu kwa nguvu hadi mwiko ukavunjika. Mke wangu alikuwa anaonja chakula kwa woga. Nilitaka kukuandikia usije, na nilikasirika nanyi wote wawili, wewe kwa ulimi wako na yeye kwa kukosa ulimi, nikatoka na wageni wangu nikaendesha vibaya hadi mmoja akaomba kushuka.

Jana ilikuwa siku ya soko. Asubuhi nimekuta ameshakaa nyuma ya Minsk, kofia imefungwa, ananisubiri. Njia nzima hakukosoa shamba lolote. Sokoni akaniambia nimsubiri, akaenda kwa wauza vyombo, akakaa huko hadi nikaanza kumtafuta. Nikamkuta amechuchumaa anagonga mabakuli moja moja kwa ukucha kusikia kama yana ufa. Alichagua dogo, lililochorwa samaki wa buluu. Akasema ya nyumbani ni mazito kwa mkono wa mtoto.

Sikutaka kumharibia, lakini wewe unanijua, ilibidi niulize. Nikamwambia siku hiyo hawatakuwa wageni wangu wa Kiholanzi, Mama, watakuwa majirani wote, watamwona mtoto mwenye nywele za Kizungu amekaa mezani kwetu, na lazima watauliza.

Alikuwa analifunga bakuli kwenye kitambaa chake. Hakuinua kichwa.

"Waache waulize," akasema. "Ni mjukuu wangu."

Khoat